Nataka mwanangu aitwe Nyanzala, ukweni wanasema nitamletea laana

Shangazi shikamoo.

Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo imebidi maana hili jambo limeanza kuninyima usingizi kuliko hata mtoto mwenyewe. Naomba jina langu usilitoe.

Mi ni Msukuma, kwetu Shinyanga, nimeolewa na kijana wa Kinyakyusa wa Tukuyu na tunaishi Dar, huku Mbagala. Mungu ametujalia mtoto wetu wa kwanza, wa kike, sasa hivi ana mwezi na kidogo, mzima kabisa, ananyonya vizuri, yani kwa upande huo sina la kulalamika. Shida ni jina.

Shangazi, mi nililelewa na bibi mzaa mama. Mama alifariki nikiwa mdogo sana, baba akaoa akahamia huko Geita kwenye machimbo, bibi ndo akanichukua. Alikuwa analima pamba na dengu, na siku za mnada anapika maandazi anakwenda kuuza. Nilipofaulu kwenda sekondari ya bweni ikaletwa karatasi ya vitu vinavyotakiwa, godoro, ndoo, tranka, sare, na ada juu, bibi aliuza ng'ombe wake aliyebaki akanipeleka mwenyewe kwa basi mpaka getini. Kila nilichonacho leo kimeanzia pale.

Bibi alikua anaitwa Nyanzala. Alizaliwa mwaka wa njaa, na kwa kisukuma nzala ndo njaa, basi mtoto wa kike akizaliwa kipindi hicho wanamwita hivo. Alifariki mwaka jana mi nikiwa na mimba changa ya huyu mtoto. Nilikuwa nimelazwa natapika mpaka maji hayakai, daktari akasema kusafiri hapana, kwa hiyo sikumzika. Wenzangu walinitumia picha tu kwenye simu. Pale pale kitandani nikasema moyoni nikizaa binti ni Nyanzala, basi.

Mume wangu nilimwambia tangu mimba ina miezi mitano, akasema "sawa tutaona", mi nikajua amekubali.

Nilipojifungua mama mkwe akaja kunihudumia. Ni mama mzuri Shangazi, naomba nisieleweke vibaya, alinikanda, alinipikia uji wa pilipili manga na mtori, usiku mtoto akilia anamchukua ye ili mi nilale. Siku nilipolitaja jina alinyamaza, maana kwao njaa ni injala kwa hiyo hakuhitaji mtu wa kumtafsiria. Jioni akaniita akaniambia mwanangu, huyu mtoto hatuwezi kumwita njaa, jina ni unabii. Ye ameokoka, na kanisani kwao wanafundisha kwamba majina kama Shida, Tabu na Masumbuko yanamfunga mtu, na kuna watu wazima kabisa wamebadilishwa majina wakaombewa mbele ya kanisa. Anataka mtoto aitwe Atupele, yani Mungu ametupa. Alafu wifi yangu kwenye grupu la familia la WhatsApp kashaanza kumwita Glory na watu wanaitikia. Kwahiyo mtoto mmoja ana majina matatu na hakuna hata moja la kwake.

Kilichoniuma zaidi ni mume wangu. Nilitegemea anisapoti, akaniambia "mi sina neno na bibi yako, ila mwanangu akae darasani na kina Precious na kina Brightness alafu ye aitwe Nyanzala, watajua ametoka porini". Hilo neno la porini Shangazi bado ninalo mpaka leo, hata akinisalimia asubuhi nalisikia.

Sasa tangazo la kizazi nililopewa hospitali ninalo mimi kabatini. Rafiki yangu mmoja wa kazini ananiambia acha kubembeleza, nenda kafuatilie cheti kimya kimya uandike jina unalolitaka, wakija kushtuka limeshatoka watazoea tu. Nusu ya moyo inaniambia niende hata kesho. Na kanisani wanataka kumweka mtoto wakfu mwezi ujao, mchungaji ameshauliza anaitwa nani.

Naomba unisaidie. Je ni kweli jina linaweza kumletea mtoto njaa na mikosi? Mi pia ni mkristo na hilo swali limeanza kunitisha, ila usiku tu, mchana naliona halina maana. Na nikikubali jina lao, si nitakuwa nimemsaliti bibi aliyeuza ng'ombe wake kwa ajili yangu?

Mama Kichanga, Mbagala

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa kujifungua salama. Na pole ya msiba, hii naiweka mwanzoni kabisa kwa sababu ukisoma barua yako vizuri utaona msiba upo kila mahali ndani yake, hata pale unapoongelea vyeti. Ulikuwa umelazwa, hukumzika aliyekulea, hukukaa na ndugu zako kulia, umebaki na picha za kwenye simu na ahadi uliyoiweka kitandani hospitali. Kwa hiyo mtu akikukatalia hilo jina wewe unasikia kama anakukatalia kumlilia bibi yako. Ndo maana linauma hivi. Mumeo na mama mkwe sidhani kama wanalijua hilo, wao wanafikiri mnabishania jina.

Kama nimekuelewa, unataka mwanao abebe jina la bibi. Mama mkwe anaogopa maana yake. Mume anaogopa watu watalionaje. Wifi yeye ameshalipita hilo jambo, anaita tu. Na wewe una karatasi kabatini na siku zinakwenda.

Nianze na swali linalokutisha usiku. Jina kwenu Usukumani, kama kwa watu wengi wa hizi nchi zetu, ni kumbukumbu ya mtoto amekuja lini na amekujaje. Kabula amekuja na mvua. Kashinje ametanguliza miguu. Kulwa na Doto ni mapacha na anayewafuata ni Shija. Huku pwani tuna Mwamvua na Chausiku, kuna Mwamvita aliyezaliwa wakati wa vita, na majirani zetu Wajaluo wana Akoth wa mvua na Atieno wa usiku. Waliomwita bibi yako Nyanzala hawakuwa wanamtakia njaa, walikuwa wanaandika mwaka kwa namna waliyoijua wao, na tena walikuwa wanasema huyu alikuja wakati mbaya na akaishi. Alafu tazama aliishije. Mwanamke aliyeitwa kwa jina la njaa alilima, akapika maandazi, akalisha mtoto asiye wa kumzaa na akamsomesha. Hilo wewe umeliona kwa macho yako.

Na kwa kuwa ni wakristo mnaozungumza hapo nyumbani, mtafuteni Yabesi, yuko kwenye kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati sura ya 4. Mama yake alimpa jina la huzuni kwa sababu alimzaa kwa huzuni. Biblia inasema alikuwa mwenye heshima kuliko ndugu zake, akamwomba Mungu ambariki na Mungu akampa alichoomba, na jina likabaki lile lile. Ila sitakuwa mkweli nikikupa Yabesi peke yake, maana mama mkwe wako atakujibu na Mwanzo 35, Raheli anakufa akijifungua anamwita mtoto Benoni, mwana wa uchungu, na Yakobo akakataa, akamwita Benyamini. Kwa hiyo ndani ya kitabu hicho hicho kuna aliyebaki na jina gumu akabarikiwa na kuna ambaye baba yake aliona hapana, huyu simuachii uchungu huu. Wote wawili walipendwa. Mi siamini kwamba jina linamvuta mtoto kwenda kwenye njaa, nakwambia nilivyo, lakini pia siwezi kusema anayelikwepa jina zito ana imani haba.

Kuna mtu mwingine huwa namfikiria kwenye haya mambo, Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Zanzibar. Alipozaliwa huko Fumba aliitwa Mtumwa. Hebu fikiria binti kuitwa Mtumwa Zanzibar ya wakati ule. Hilo jina halikumzuia kufika Bombay mwaka 1928 akarekodi santuri zikasikika pwani yote, lakini vilevile hakubaki nalo, ukubwani alipata jina la Siti na ndilo tunalomkumbukia. Sasa mtu anaweza kumtumia kwa upande wowote. Mi ninachokiona pale ni kwamba jina la kuzaliwa halimalizi habari ya mtu, na kwamba mtu naye ana haki yake juu ya jina lake, hata huyo kichanga wako siku moja atakuwa na la kusema.

Hapo ndo nataka nikuulize kitu, na usikichukulie vibaya. Bibi mwenyewe alikuwa analipenda jina lake? Umeniambia alizaliwa lini, alilima nini, aliuza nini, ila hujaniambia aliitikaje akiitwa. Wapo wazee waliobeba majina ya aina hiyo kwa fahari kabisa, na wapo waliosema wajukuu wangu msiwape hili, wapeni la mvua. Sijui wa kwako alikuwa yupi. Yupo anayejua, mjomba, mama mdogo, shoga yake wa mnadani. Mpigie mmoja muongee habari zake, na sio za jina tu. Unaweza kukuta alitaka kweli liendelee, na hapo utakuwa na neno la kumwambia mama mkwe ambalo sio hasira. Unaweza pia kukuta alitaka tofauti, na hapo mzigo wa kumsaliti utashuka wenyewe.

Kitu cha pili nilichokiona. Kwenye barua yako yote sijaona mahali ulipomsimulia mama mkwe bibi alikuwa nani. Mimi nimemjua ndani ya dakika chache na nimempenda, habari ya kukupeleka mpaka getini imenigusa mno. Mama mkwe yeye alisikia njaa tu. Alisikia mtoto wa mwanae, mjukuu anayeamka nae usiku, anataka kuitwa njaa, mtu aliyeokoka miaka yote hiyo angeitikiaje? Anayekukanda na kukupikia mtori ni mtu ambaye moyo wake unaweza kufikika. Mwambie habari ya ng'ombe. Mwambie ulivyolazwa siku wanazika. Sisemi atabadilika, anaweza akalia na wewe na bado akasema Atupele, lakini mtakuwa mnaongea kuhusu mtu.

Mumeo sasa. Ile "sawa tutaona" mwanangu wewe uliisikia kama ndiyo, na huenda yeye alikuwa anaahirisha tu, wanaume wengi wakisema tutaona wanaomba muda. Kwa hiyo unapoona amekugeuka yeye anaweza kuona hajawahi kukubali. Hilo mliweke sawa bila kutafuta nani mwongo.

Ila neno la porini lina uzito mwingine na usilichanganye na la jina. Muulize siku ametulia, hivi kinachokusumbua ni maana ya njaa au ni kwamba ni la Kisukuma? Maana kama ni maana, kuna majina mengi ya kwenu yenye maana nzuri, kuna Milembe ya amani, kuna hiyo Kabula, na mnaweza kukutana hapo. Lakini kama ni Usukuma wenyewe unamtia aibu basi hata mkimwita mtoto Glory hilo jambo litabaki ndani ya nyumba, mtoto ana mama Msukuma na damu ya Kisukuma na atayasikia maneno ya porini akiwa na akili zake. Hilo linahitaji mazungumzo yenu wawili, taratibu, na mwambie limekuumaje. Inawezekana kabisa alilitupa bila kulipima. Watu wa Dar wanawatania Wasukuma mpaka anayetania hajui tena kama anaumiza.

Kuhusu kuchekwa shule, ana hoja kidogo na sitaki kuipuuza. Watoto wengi wa Mbagala hawajui kisukuma, wataona ni jina tu geni, lakini Wasukuma wamejaa kila mahali na siku moja yupo atakayesema we unaitwa njaa. Siku hiyo itategemea mwanao ameshaambiwa nini nyumbani. Aliyesimuliwa habari ya bibi ana la kujibu, aliyesikia wazazi wanagombana juu ya jina lake hana. Na ugeni wa jina huwa unaisha watu wakizoea, Kulwa na Doto yalitoka huko huko kwenu leo yapo nchi nzima, na huyu Tulia Ackson mbunge wa Mbeya, watu wa huko kwao mumeo, jina lake ukilisikiliza ni kama amri, akafika kuwa Spika mwaka 2022 bila mtu kushangaa.

Tuje kabatini. Naelewa kwa nini ushauri wa rafiki yako unakuvuta, umechoka, una maziwa yanajaa, watu wanamwita mtoto majina mbele yako kama vile haupo. Na usajili wenyewe unatakiwa ufanyike ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa kwa hiyo sio jambo la kuliacha hewani. Lakini jiulize baada ya cheti kutoka itakuwaje. Hilo jina litaandikwa na baba yake kwenye fomu ya shule, kwenye bima, kwenye kila kitu, na kila akiliandika atakumbuka alizungukwa. Mama mkwe atatafuta namna ya kumwita mjukuu bila kulitaja. Mi ninachokiogopa kwa huyu mtoto ni hicho kuliko maana ya njaa, yani awe na jina ambalo nusu ya nyumba haitaki kulitamka. Bibi Nyanzala waliomwita walimwita kwa mdomo wote. Na mkija kutaka kubadili ukubwani ni habari za kiapo na wakili, na akishasajiliwa mitihani ya darasa la saba na kidato cha nne vyeti vinafuata jina hilo, usumbufu wake sio mdogo.

Upande wa pili pia upo. Ukinyamaza ukawaachia Atupele huku moyo umefunga, kila ukimwita mwanao utameza kitu, na mtoto anasikia mama anamwitaje. Atupele ni jina zuri jamani, lina shukrani ndani yake, itakuwa huzuni ukilichukia kwa sababu ya namna lilivyokuja.

Katikati hapo kuna njia watu huzipita. Ipo ya jina la cheti na jina la nyumbani, wengi wetu tumekua hivo, ila ujue jina la nyumbani hasa hapa mjini linakufa haraka kama hakuna anayelitumia zaidi yako, na kilichopo kwenye cheti ndicho kinachobaki. Ipo ya kuweka yote mawili pamoja, kama Nyerere alivyokuwa Kambarage aliyezaliwa mvua ikinyesha huko Butiama mwaka 1922, alafu akaja kuwa Julius alipobatizwa, na hakuna lililomfukuza mwenzie. Tatizo lake fomu zetu zinataka jina la mtoto, la baba na la ukoo, ukiongeza la nne kuna ofisi zitaliandika na nyingine zitaliacha, kwa hiyo mkienda huko mkubaliane mapema lipi linaanza na muandike vilevile kila mahali. Ipo pia ya kumpa jina lingine la upande wenu, ukamtunzia bibi kwa njia nyingine kabisa, kumpeleka mtoto kaburini akipata nguvu ya safari, mkakaa na wajomba, ukalia kilio ambacho hukukilia. Hiyo safari mimi ningekushauri uifanye hata kama mtoto ataitwa Nyanzala.

Kuhusu wakfu, tarehe ya kanisa isikukimbize. Mwambieni mchungaji bado mnazungumza, inaweza kusogezwa. Na kama mumeo ataridhia mwendeni pamoja mkamweleze huyo bibi alikuwa nani, kuna wachungaji watakaosema badilisheni na kuna watakaosema tulete hilo jina mbele za Mungu na habari yake yote, huwezi kujua mpaka umemkalisha. Ukienda peke yako tu itaonekana unatafuta mtu wa kukuunga mkono, na mama mkwe atajisikia amepelekwa mashitaka kanisani kwake mwenyewe.

Na wifi mwachie mumeo aongee nae. Usianze vita ya maandishi kwenye grupu ukiwa na kichanga.

Kwa hiyo mwanangu ile karatasi iache kabatini kwanza, siku bado zipo. Anza na simu ya mjomba wiki hii, alafu mumeo mkiwa wawili mtoto amelala, alafu mama mkwe. Cheti kikishatoka niandikie unijulishe anaitwa nani, lolote mtakalokuwa mmefikia, na huyo mama mkwe mwambie Shangazi anamsalimia na anamshukuru kwa mtori.